Rukia wa Kwenye Daftari

Mimi ni mchoraji wa picha za mtindo wa Tingatinga. Nachorea Msasani, naishi Mbagala, na jioni kwenye daladala naandika daftarini kazi ya siku: rangi iliyobaki, pesa iliyoingia, basi. Shida, twiga ninaochora hawahesabiki. Ukiandika "twiga" tu, wiki ijayo hujui yupi. Kwa hiyo nikawapa majina. Ya kike, kwa sababu ya kope zile.

Masika yaliyopita mke wangu alikuwa anatafuta risiti ya umeme wa LUKU, akaangukia daftari:

"Jumatatu. Nimeanza na Rukia. Leo mgongo tu."
"Jumanne. Mvua. Rukia bado mbichi, sijamgusa."
"Jumatano. Nimeshinda na Rukia hadi usiku. Shingo imenichosha. Miguu kesho."
"Ijumaa. Rukia anang'aa! Nimempeleka hotelini. Elfu themanini."

Hakuniuliza kitu. Jumapili narudi, nakuta viatu vimejaa mlangoni. Ndani yumo mjomba wake, shangazi yake na mjumbe wa nyumba kumi. Mjomba kavaa miwani, anasoma daftari kwa sauti ya kusomea mirathi. Alipofika "leo mgongo tu", shangazi akasema, "Astaghfirullah!"

"Mkwe, huyu Rukia ni nani?"

"Ni twiga, mjomba."

Kimya. Hata feni ilionekana kusita.

"Mlete tumwone."

"Ameshauzwa. Kachukuliwa na Mjerumani."

Shangazi akajishika kichwa. Nikaona nikiendelea kusema nitafungwa, nikatoa ubao na makopo. Marehemu Edward Saidi Tingatinga alianza na rangi za mafuta hizi hizi miaka ya 1960, ila sidhani kama aliwahi kusimamiwa na mjumbe. Nikapaka rangi ya chini, nikawaambia: hii mpaka ikauke, kesho.

Kikao kikaahirishwa. Wakalala kwetu.

Jumatatu nikachora mgongo. Mjomba akafungua daftari, akatia alama ya vema. Jumanne ikanyesha, nikakaa tu, vema. Jumatano shingo ikanichosha kweli, na kilo tatu za mchele zikawa zimekwisha. Kufika Ijumaa twiga anang'aa, shangazi mwenyewe anamwita Rukia, anauliza kama ameshakauka.

Wakanisafisha. Mjomba akaondoka na picha kwapani, kama ushahidi, alisema. Elfu themanini yangu ikapanda naye daladala.

Siku hizi majina anachagua mke wangu. Niliye naye sasa anaitwa Athumani. Jana nimemalizia kope.