Kompyuta ishirini na duka la vipuri Kiboriloni

Kwenye kikundi chetu cha WhatsApp, sisi tuliosoma shule moja kule Kibosho, juu ya Moshi, kuna mchango unapita. Watu thelathini, kila mmoja laki tano, zinunuliwe kompyuta ishirini tuzikabidhi Desemba tukija kula Krismasi. Nimeambiwa nimenyamaza mno kwa mtu anayeishi Uingereza. Haya, leo naongea.

Kuna kompyuta kumi za mchango uliopita, na mimi nilizichangia. Nilizikuta mwaka juzi nilipokuja kumzika baba mdogo. Zimefunikwa vitambaa vya kufuma kama makochi ya sebuleni kwa shangazi. Kijana aliyekuwa akizifundisha, mwalimu wa kujitolea, aliondoka wazazi waliposhindwa kumlipa. Siku hizi anauza vipuri vya bodaboda Kiboriloni. Nilimfuata, tukanywa chai pale dukani. Ana shahada ya ualimu, hisabati na fizikia, na ajira ya serikali ameiomba mara tano. Shule aliyoiacha ina mwalimu mmoja wa fizikia kwa vidato vyote vinne.

Msidhani huku ni peponi. Binti yangu anasoma Leicester. Kila mtoto ana kompyuta yake, kazi za nyumbani zinatumwa kwa mtandao, ubao wenyewe unaguswa kama simu. Mwaka jana alifundishwa fizikia na walimu wanne tofauti, na katikati hapo kuna wiki mwalimu wa michezo ndiye aliyekaa nao, akiwafungulia video. England imeshindwa kupata watu: mwaka wa masomo 2023/24 walioanza kusomea ualimu wa fizikia walikuwa asilimia 17 tu ya lengo, na pesa za kuwavuta zilikuwepo. Mwaka 2023 wakarahisisha njia ya kupata kibali cha ualimu kwa walimu wa nchi na maeneo mengine tisa, zikiwemo Ghana, Nigeria na Zimbabwe. Tanzania haikuwemo. Mimi niliyesomea ualimu wa fizikia pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, napanga maboksi ghalani, zamu ya usiku. Njia nyingine zipo, ila ni ndefu, na kodi ya nyumba haisubiri.

Kwa hiyo pengo la huku na la kwetu si moja. Huku nafasi zipo, watu hawazitaki. Kwetu watu wapo, wamesoma, wanakaa madukani wakisubiri kibali cha ajira. Tangu elimu bila malipo ianze 2016 madarasa yamefurika, ikama ya walimu haijafukuzana nayo.

Mimi si adui wa kompyuta. Vile vishikwambi vya sensa ya 2022 walivyopewa walimu nilivipenda, kwa sababu kifaa kilikwenda mkononi mwa mtu anayeingia darasani. Mwalimu akiwa nacho, vitabu vya Taasisi ya Elimu anavifungua mtandaoni, na akipata projekta anafundisha watoto themanini bila kuandika ubaoni mpaka mkono ufe ganzi. Lakini aanze kuwepo yeye.

Mangi mmoja kwenye kikundi kanijibu kwamba mshahara wa mwalimu ni kazi ya serikali, si yetu. Ni kweli, na tukilipa sisi tunaisaidia serikali kusahau, hilo linanisumbua. Ila mtoto aliye Kidato cha Pili leo hana muda wa kungoja tumalize ubishi. Halafu tuambiane ukweli: kompyuta ina utepe, ina mgeni rasmi, ina picha. Posho ya mwalimu utaipigaje picha?

Laki tano mara thelathini ni milioni kumi na tano. Mkimlipa mwalimu laki tatu kwa mwezi, mnapata miezi hamsini. Mtoto anaingia Kidato cha Kwanza, anamaliza cha Nne, na chenji inabaki ya kutengeneza zile kompyuta kumi zilizofunikwa vitambaa.

Jumapili nilimpigia yule kijana wa Kiboriloni. Hakuuliza kiasi. Aliuliza kama hela itafika kila mwezi, au ni ile ya "tutaangalia" kama mara ya kwanza. Laki tano yangu ninayo. Naomba mniambie nimjibu nini.