Sikulalia kinanda, nilikuwa nafuta vumbi

Najua mshasikia. Besi wetu mmoja wa kwaya, rafiki yangu kabisa huyo, kasambaza kwenye magrupu eti nilisinzia juu ya kinanda nikajirekodi. Uongo. Sikusinzia, nilikuwa nafuta vumbi. Na hadithi yake imeruka sehemu moja muhimu sana, tulieni ntaifikia.

Kupiga kinanda mimi sijui, hilo wa siku nyingi mnalijua. Muziki wa kwaya natengeneza kwenye programu ya kompyuta, kinanda kimechomekwa, kwa njia ya stepu inputi: unachagua urefu wa noti, unabonyeza, noti inaingia, mshale unasogea hatua moja unakungoja. Hata ukitumia dakika tano kutafuta kidole kiende wapi hakuna wa kukuuliza, watu wakija kusikiliza wanadhani umesomea. Ukitaka kodi, yaani noti kadhaa kwa mpigo, unabonyeza zote kwa pamoja, ukiachia ndo mshale unasogea. Shida yake moja tu, ukisahau kuizima kila kinachogusa kinanda kinaandikwa. Programu haijui kidole wala kitambaa.

Sasa usiku ule nimemaliza, mshale nimeuacha mwanzo wa baa ya 34 (baa za muziki jamani, vile vipande vya wimbo, msianze). Kuanzia ya 33 mpaka ya 36 niliacha patupu makusudi, tempo 60, yaani pigo moja kwa sekunde, kwaya iimbe yenyewe taratibu, halafu kinanda kirudi na ubeti wa mwisho ambao nilishaukopi. Spika nimezima maana watu wamelala. Nikaona kinanda kimejaa vumbi, nikachukua kitambaa, chini mpaka juu, juu mpaka chini. Kwenye noti ya C ya katikati kulikuwa na doa la wino, nikalikomalia mpaka likatoka. Nikaekspoti, nikasikiliza mwanzo tu, nikatia kwenye flashi.

Haya, ukumbini. Baa ya 32 ikaisha, kinanda kikanyamaza, sopurano wakaingia laini kabisa, mwalimu kafumba macho. Mimi nimekaa mstari wa mbele nimekunja nne. Ndo ikasikika GRRRM, kama mtu anasogeza kabati chumba cha pili. Nikageuka nyuma kumtafuta mshenzi anayesogeza makabati watu wakiimba! Halafu ikaanza kupanda. Noti tatu tatu, nne nne, kodi ambazo hazijapewa jina, zinapanda ngazi bila haraka, na kwa sababu nilifuta kwa nguvu velositi, yaani nguvu ya kila noti, ziko juu karibu zote, yaani hapo hata kusingizia mitambo huwezi. Mwalimu akafumbua jicho moja. Moja tu. Lilikuwa linaniangalia mimi.

Na hapa ndo sehemu aliyoiruka rafiki yangu: yeye aliifuata. Alidhani ni badiliko la dakika za mwisho ambalo hakuambiwa, basi akapanda nayo, aaaAAA, mpaka kule ambako besi hawaendi, sauti ikamkatikia njiani. Mwambieni nimesema.

Ikafika juu. Ikageuka. Ikashuka yote, mpaka lile kabati tena, kisha kimya. Nikashusha pumzi nikajua imeisha.

Nikakumbuka doa.

Tin. Tin. Tin. Tin. Nyie, mara kumi na mbili, noti ileile, sekunde tatu nzima, na kila moja nasikia kabisa mkono wangu unavyosugua. Mtoto mmoja nyuma yangu alikuwa anahesabu kwa sauti.

Ubeti wa mwisho ukaingia, watu wakapiga makofi, mwalimu akaniita pembeni, "ndugu yangu, kile kilikuwa nini," nikasema usafi, hakucheka, nikaomba radhi, nikaondoka kwa mlango wa nyuma, basi.

Usiku nikafungua projekti nione mwenyewe. Hatua 44, robo sekunde kila moja, sekunde 11, zimepangika vizuri kuliko chochote nilichowahi kuingiza kwa akili zangu timamu. Nikabonyeza C mara moja tu, nihakikishe kweli ndo ile.

Sasa ziko 45.