Kachanjwa nimonia na bado ana mafua, sasa chanjo ya kazi gani?

Juzi hapa Mbagala jirani yangu, mwanae ana miezi mitatu, kaniambia wiki ya 14 haendi kliniki. Mtoto kashachomwa ile ya nimonia mara mbili na bado mafua hayamwishi, kifua kinakoroma usiku kucha, sasa aende kufanya nini? Nimemwelewa kabisa ila nimekosa raha mpaka leo.

Kweli hiyo chanjo ya nimonia, PCV, haizuii mafua. Mafua ni kirusi, PCV inapambana na bakteria anaitwa nimokokasi. Lakini hawa wawili wanasaidiana jamani! Huyo bakteria mara nyingi anakaa tu puani kwa mtoto mzima wa afya, hamsumbui, ila kirusi kikiingia kinachubua njia ya hewa, vile vinyweleo vinavyosukuma makohozi vinaharibika, basi bakteria anateremka mapafuni kiulaini na hapo ndo unaona mtoto anavuta pumzi mbavu zinabonyea. Hata ile homa ya mafua ya 1918, wengi walimalizwa na nimonia ya bakteria iliyofuata.

Na hili limepimwa hapahapa Afrika. Soweto, Afrika Kusini, walichukua watoto karibu 40,000, wengine wakapewa chanjo wengine sindano isiyo na chanjo, mwaka 2004 watafiti Shabir Madhi na Keith Klugman wakatoa majibu: kwa waliomaliza dozi, nimonia za kulazwa zilizokutwa na virusi zilipungua asilimia 31. Kwa chanjo ya bakteria! Mi hiyo namba naiona kubwa mno, hasa kwetu Tanzania ambako sindano ya mafua haipo kwenye ratiba ya kliniki ya watoto, wakati PCV ipo tangu 2013, bure, wiki ya 6, 10 na 14.

Kinachoniuma ni maelezo. Mama anaambiwa "hii ya nimonia", anashikishwa kadi, basi. Akisikia mtoto anakohoa anaona kadanganywa. Wangemwambia tu kwamba mafua atapata, ila hii inapunguza uwezekano wa mafua hayo kumfikisha kwenye oksijeni, na bibi yake wanayelala naye chumba kimoja naye anakingwa kiasi, maana mtoto aliyechanjwa habebi sana wale bakteria wa kuwaambukiza wengine.

Jirani nimemweleza hivyohivyo, kanisikiliza huku anamfuta mtoto kamasi. Jumanne tunaenda wote, mi nitambebea yule mkubwa.