Punda si maksai, mvueni nira

Usangu, Chunya na vijiji vya pembezoni mwa Iringa, punda anabeba maji, kuni, magunia ya mpunga na mahindi. Hilo ni jema, maana kwa mkulima wa ekari mbili tatu punda ni mkombozi. Ugomvi wangu uko shingoni mwake. Wengi wanamfunga nira ileile ya maksai, gogo moja lenye vijiti viwili kila upande, kisha akisimama katikati ya mlima anaitwa mvivu na kuchapwa.

Tazama miili yenyewe. Ng'ombe wetu wa asili ana nundu. Nira inakaa mbele yake, na mnyama anainamisha kichwa na kuisukuma kwa shingo nene. Punda hana nundu. Shingo yake juu ni nyembamba, na nguvu zake ziko kifuani na mabegani. Gogo la nira linamtelezea mbele na nyuma, linachuna ngozi, na kamba ya chini inapanda kooni kila anapokaza. Anapunguza mwendo ili apate pumzi.

Kosa hili ni la kale. Magari ya kwanza yalikokotwa na ng'ombe, na nira ikahamishiwa kwa wanyama wa jamii ya punda. Ubao wa Uru, mji wa kale wa Wasumeri kusini mwa Iraq ya leo, ni kazi ya takribani mwaka 2500 KK iliyoko British Museum, London; unaonyesha magari ya vita yenye magurudumu manne mazito, yasiyo na spoku, yakivutwa na chotara wa punda. Karibu mwaka 2000 KK, kusini mwa milima ya Ural, Urusi ya leo, watu wa utamaduni wa Sintashta walikuwa wakizikwa pamoja na farasi na magari mepesi ya magurudumu mawili yenye spoku. Baadaye magari ya namna hiyo yakafika Misri, India na China.

Kwangu mimi, Wamisri ndio mafundi wa kuigwa. Kaburi la farao Tutankhamun, lililogunduliwa mwaka 1922, lilikuwa na magari sita. Gari la aina ile lilikuwa na uzito wa takribani kilo 30, mtu mmoja analinyanyua. Ekseli iliwekwa nyuma kabisa ya sakafu, na urefu wake ulizidi mita 2 ili gari lisipinduke likikata kona kwa kasi. Tena nira yao haikulala shingoni moja kwa moja: kila farasi alikuwa na panda ya mti iliyofungwa chini ya nira, na miguu ya panda hiyo ndiyo iliyoegemea mbele ya mabega. Mwanzoni mwa karne ya 20 ofisa wa jeshi la Ufaransa, Lefebvre des Noëttes, alidai kwamba vifaa vya kale vilimkaba farasi. Miaka ya 1970 Jean Spruytte alivitengeneza upya, akafunga farasi halisi, na wakavuta vizuri.

Walivuta vizuri kwa sababu gari lilikuwa jepesi. Lilimtosha dereva na mpiganaji, kama kule Kadeshi, Syria ya leo, mwaka 1274 KK, farao Ramesses II alipopambana na Wahiti, watu wa Uturuki ya leo. Magunia yalibaki kwa ng'ombe. Farasi alipata kuvuta mzigo mzito kwa raha pale mvuto ulipohamia kifuani na mabegani: China kwa mkanda wa kifua, karne kadhaa kabla ya Kristo, na Ulaya kwa kola ngumu iliyojazwa nyasi, katika karne ya 9 na 10.

Kwetu farasi hakupata nafasi, kwa sababu ya mbung'o wenye nagana, yaani malale ya mifugo, na visubi wanaoeneza homa ya farasi ya Afrika. Homa hiyo huua farasi wengi mno, ilhali punda akiipata aghalabu haonyeshi dalili. Ndiyo maana farasi wetu ni punda, na vifaa vya farasi ni haki yake.

Mkanda wa kifua unatengenezwa nyumbani. Shona mikanda miwili kuukuu ya siti za gari ubavu kwa ubavu upate upana wa sentimita 10, kisha weka ndani blanketi la pamba. Mpira wa tairi usiguse ngozi, haunyonyi jasho. Kamba ya nailoni inakata. Mkanda ukae juu kidogo ya ncha ya bega na chini ya koo, na kiganja kilicholala kipite kati yake na kifua. Kamba za pande zote mbili zifungwe kwenye mti mfupi unaozunguka kwenye pini, ili bega moja likitangulia jingine lisisuguliwe.

Hesabu ya mlima ni muhimu zaidi. Mnyama huvuta kwa saa kadhaa nguvu ya takribani moja ya kumi ya uzito wake. Punda wa kilo 140 ana kilo 14 za mvuto. Barabara tambarare na ngumu, kwa magurudumu ya upepo, zinatosha mkokoteni na mzigo wa jumla ya kilo 400 na kitu. Kwenye mwinuko wa mita 1 kwa kila mita 10, kilo zilezile 14 zinatosha kama kilo 100 tu, mkokoteni ukiwemo. Kwa dakika chache atavuta mara mbili ya hapo, lakini si kutoka bondeni hadi kileleni. Gawa mzigo, au fungeni wawili.

Kuteremka nako kuna hatari yake. Mkokoteni usio na mkanda wa nyuma humgonga punda miguuni, naye hukimbia. Mkanda huo uzunguke mapaja, kiganja kimoja chini ya mfupa wa tako, na ufungwe kwenye miti ya mbele ya mkokoteni.

Mnadani, pitisha mkono kwenye mwili wa punda kabla ya kutaja bei. Kidonda juu ya shingo ni cha nira. Kidonda kwenye ncha ya bega ni cha mkanda uliofungwa chini mno. Kidonda kwenye uti wa mgongo ni cha tandiko lisiloacha nafasi katikati. Nywele nyeupe mahali hapo ni kovu la zamani, na kifaa kibaya kitalifungua tena haraka.