Waacheni Kerneli Ihesabu

Vijana wengi wanaounda redio na spika zao hapa Kisumu wanajitesa bure na enkoda, kile kitufe kinachozunguka bila kikomo. Wanakiunganisha na Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, kisha wanaandika programu ya Python ya kuchungulia pini mbili mfululizo. Muziki ukianza, programu inazidiwa: unazungusha kuongeza sauti, sauti inapungua. Lawama anabebeshwa muuzaji. Mimi natetea kifaa.

Ndani ya enkoda mna swichi mbili, A na B, zinazofunga kwa kupishana. Iliyotangulia ndiyo inayoonyesha umezungusha upande gani. Katika KY-040, enkoda inayouzwa ikiwa juu ya bodi ndogo, mbofyo mmoja tu hubadilisha hali za pini mara 4, tena chuma kikigusa chuma hurukaruka kabla ya kutulia. Programu inayochungulia kwa zamu itakosa badiliko moja, na hapo hesabu imeharibika.

Linux, mfumo unaoendesha Raspberry Pi, ina dreva (programu ya kuongoza kifaa) ya kazi hii tayari, ndani ya kerneli, yaani kiini chake. Kwenye Raspberry Pi OS ya sasa, fungua /boot/firmware/config.txt, ongeza mstari huu, kisha uwashe mashine upya:

dtoverlay=rotary-encoder,pin_a=17,pin_b=27,relative_axis=1

Namba 17 na 27 ni za GPIO, yaani namba za pini za kupokea na kutoa ishara, si za kuhesabu pini kwenye bodi. Kuanzia hapo kerneli hushtuliwa kila pini inapobadilika. Endesha evtest, programu ya kuonyesha matukio ya vifaa, uzungushe: upande mmoja utaona 1, wa pili -1. Programu yako itapokea matukio hayo kama inavyopokea ya kipanya.

Lakini volti, jamani! Mafunzo mengi ya Arduino, bodi nyingine ya wabunifu, huipa KY-040 volti 5. Bodi hiyo ina vizuizi vinavyovuta CLK na DT (ndizo pini za A na B) hadi kwenye volti uliyoipa, na pini za Raspberry Pi ni za 3.3. Waya wa + uende kwenye pini ya 3.3V, basi. Pesa ya kununua kompyuta nyingine haiokotwi.

Wanaochomoa vitufe kwenye redio kuukuu za soko la Kibuye wavizungushe kwanza. Kinachogota mwisho ni potenshomita, kizuizi kinachobadilika ukikizungusha, nayo Raspberry Pi haiwezi kupima volti yake bila chipu ya kugeuza volti kuwa namba.

Na mwelekeo ukitoka kinyume, badilishana namba za pin_a na pin_b. Nyaya ziache zilipo.