Mikroni 0.8: kwa nini miwani ya mtoto haiwezi kuharakishwa Mwanjelwa

Jirani yangu hapa Uyole, Mbeya, amerudi kutoka mjini amekasirika. Mwanawe wa darasa la nne haoni ubaoni, na ameandikiwa zile lenzi mpya za watoto zenye vilenzi vidogo vidogo, ambazo kazi yake ni kupunguza kasi ya namba, yaani nguvu ya miwani anayohitaji, kupanda mwaka hadi mwaka. Bei ni mara kadhaa ya miwani ya kawaida. Zinatengenezwa nje, zinashukia Dar, halafu ndiyo zisafiri kilomita zaidi ya 800 kuja huku. Asubiri wiki tatu. "Kaka, plastiki tu hiyo," aliniambia. "Sokoni Mwanjelwa wanakata lenzi unasubiri kwenye benchi. Hii kwa nini wasiisage na kuipaka hapa hapa?"

Swali ni la haki na nimelisikia kwa wengi. Lakini lawama zote zinaishia kwa watengenezaji na mafundi wanaokataa kuharakisha, na hao nadhani hawajaeleweka.

Tuchukue lenzi inayojulikana zaidi ya aina hii, MiYOSMART ya Hoya, iliyoanza kuuzwa 2018. Katikati imeachwa duara safi la milimita 9 la kuonea mbali. Kulizunguka kuna vilenzi karibu 400, kila kimoja na upana wa milimita 1 hivi na nguvu ya ziada ya dayopta 3.50 (dayopta ni kipimo cha nguvu ya lenzi). Lenzi yenyewe ni ya polikaboneti, ambayo uwezo wake wa kupinda mwanga ni 1.59. Ukipiga hesabu ya umbo, kilenzi cha namna hiyo kinainuka juu ya uso wa lenzi kwa takriban mikroni 0.8, na mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa mtu una mikroni kama 70.

Polikaboneti ni laini, kwa hiyo haiwezi kutoka kiwandani tupu. Huvishwa utando mgumu, nao huwa na unene wa mikroni kadhaa. Blanketi ni nene kuliko mtoto anayefunikwa. Utando ukipakwa ukiwa majimaji na kuachwa utulie kama uji kwenye sahani, unajaza mabonde na uso wa nje unakuwa sawasawa. Hapo kilenzi kinabaki kikifanya kazi kwa ile tofauti ndogo tu iliyopo kati ya plastiki na utando. Kama utando unapinda mwanga kwa 1.50, zile dayopta 3.50 zinashuka hadi kama nusu dayopta. Kama ni wa 1.59 sawa na lenzi, hakuna kinachobaki.

Hesabu hii nimeirudia mara nyingi, kwa sababu inaonyesha kwamba lenzi inaweza kuharibika kabisa bila mkwaruzo hata mmoja. Inang'aa. Mtoto anasoma ubao vizuri. Mzazi amelipa, na kitu alicholipia hakimo. Ndiyo maana kiwanda kinapima mwendo wa kuitoa lenzi kwenye dawa ya utando, uzito wa dawa yenyewe na vumbi la chumba. Ukienda kasi kidogo, unene unabadilika.

Na kabla ya utando kuna kusaga. Vilenzi hutoka kwenye kalibu vikiwa upande wa mbele. Namba ya mtoto husagwa nyuma. Ili mashine ishike lenzi, mbele hugandishwa kwenye kishikio, mara nyingi kwa aloi, yaani mchanganyiko wa metali, inayoyeyuka kwenye nyuzi 47 hivi. Kati ya aloi na vilenzi hubandikwa plastiki nyembamba ya kulinda. Chembe moja ya vumbi ikinaswa chini yake, shinikizo la mashine linaizamisha usoni.

Vumbi la kwetu si mchezo. Udongo wa Mbeya na Rungwe una majivu na pumisi ya volkano, yaani kioo kilichosagika, kigumu kuliko plastiki yoyote ya lenzi. Julai moja niliketi kwenye karakana ndogo nikamwangalia kijana akibandua ile plastiki kabla ya kukata lenzi, ili aone alama vizuri. Akaifuta kwa kitambaa kikavu. Ukatokea mstari kama upinde, chini ya duara la katikati. Kwa nia njema kabisa akachukua dawa ya kung'arishia na kusugua mpaka ukapotea. Tulipoiinua kwenye taa ya tyubu, vidoti vilionekana pande zote kama sega la asali, isipokuwa pale aliposugua.

Wanaopinga wana hoja nzito, na sitaki kuipita. Shirika la Afya Duniani limesema ni asilimia 36 tu ya watu duniani wasioona mbali kwa sababu ya namba ndio waliopata miwani inayowafaa. Mtoto wa Kyela au Makete anayehitaji kuona ubao kesho anasaidiwa na lenzi ya kawaida, na hiyo Mwanjelwa wanaiweza vizuri. Tena utafiti mkuu wa lenzi hizi ulifanyika Hong Kong, kwa watoto wa miaka 8 hadi 13, si kwa watoto wa huku. Ulionyesha kasi ya namba kupanda ikipungua kwa asilimia 52 katika miaka miwili, na kurefuka kwa jicho kukipungua kwa asilimia 62, ukilinganisha na lenzi za kawaida.

Lakini asilimia hizo zilipatikana kwa vilenzi vizima. Asiyemudu apewe lenzi ya kawaida kwa bei ya kawaida, bila aibu. Kumpa iliyofukiwa au kusuguliwa kwa bei ya ile nzima ni kumdhulumu, hata kama hatajua.

Kwa hiyo nilimshauri jirani amchukulie mtoto miwani ya kawaida ya kusogezea wiki hizo tatu, na amwombe fundi akate lenzi plastiki ikiwa bado juu, aibandue mbele yake. Juzi amezipokea. Tumesimama mlangoni tukaziinamisha kuelekea mwanga: vidoti vimezunguka pande zote, katikati peupe. Nguvu ya kila kidoti macho yetu hayawezi kuipima. Hiyo ilipimwa kiwandani, ndani ya zile wiki tatu.