Paul Sauer: jina la Kaburu kwenye chupa, tuinywe au tuiache?

Majuzi mezani ilifunguliwa Kanonkop Paul Sauer, ile waini nyekundu ya Stellenbosch, Afrika Kusini, na mzee mmoja ninayemheshimu sana akafunika glasi yake kwa kiganja, akasema mimi hiyo siinywi, jina hilo nalijua. Wengine wakamwona anaharibu shughuli. Mimi nasema ana hoja, tena nzito.

Paul Sauer ndo aliongoza kamati ya chama cha National, chama cha Makaburu, iliyotoa ripoti ya 1947, wakashika serikali 1948 na ripoti ile ikawa ramani ya ubaguzi wa rangi. Baba yake, J.W. Sauer, alikuwa waziri wa mambo ya wenyeji ilipopitishwa sheria ya ardhi ya 1913, iliyowabakizia Waafrika kama asilimia 7 ya nchi yao wenyewe. Na sisi Watanzania tuna sababu ya ziada: Juni 1959 Nyerere alisimama London kwenye mkutano wa kuanzisha kampeni ya kususia bidhaa za Makaburu, na kambi ya wapiganaji wa ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, ilikuwa Kongwa, mkoa huohuo wa Dodoma tunakolima zabibu zetu. Huwezi kumwambia mtu mwenye kumbukumbu hizo asahau tu.

Ila hawa wanaoinywa nao hawajaeleweka, wanaonekana kama watu wasiojua historia, na hapo ndo sikubali.

Hebu iangalie waini yenyewe. Imeanza na mavuno ya 1981, familia yenye shamba la Kanonkop ikaipa jina la mzee wao, Paul Sauer. Mizabibu iko kwenye miteremko ya mlima Simonsberg, sehemu kubwa ni zabibu aina ya Cabernet Sauvignon, kama asilimia 70, halafu Merlot na Cabernet Franc. Zabibu zinachachia kwenye matangi ya wazi na watu wanasukuma maganda chini kwa mikono, kila baada ya masaa machache, usiku na mchana, ndo baadaye inakaa karibu miaka 2 kwenye mapipa ya mwaloni wa Ufaransa. Mkosoaji wa Uingereza, Tim Atkin, aliipa ya 2015 pointi 100 kwa 100. Sifa zikaenda kwa shamba na fundi wake, sawa wanastahili, lakini mimi nawaza ile mikono.

Halafu hili la jina. Chupa ngapi za Cape, eneo la waini la Afrika Kusini, zimechorwa ndege, mlima, nyumba nyeupe nzuri, na ardhi yake ina historia ileile ya 1913? Hizo tunakunywa bila swali. Hii angalau imeandika jina waziwazi, ukilisoma unaweza kuuliza. Kulifuta ni kuwapunguzia watu kazi ya kukumbuka. (Sauer huyohuyo, baada ya mauaji ya Sharpeville 1960, polisi walipowapiga risasi Waafrika waliokuwa wakiandamana, alisema hadharani kwamba kitabu cha zamani cha historia ya Afrika Kusini kimefungwa, na serikali yake ikampuuza. Haimsafishi, ila ilitokea.)

Kinachoninyima usingizi mimi ni rand 69. Hiyo ndo ilikuwa kima cha chini cha kibarua wa shamba kwa SIKU mwaka 2012, kama dola 8 za wakati ule. Wafanyakazi wa mashamba ya De Doorns, mkoa wa Western Cape, wakagoma, barabara zikafungwa, watu wakafa, wakadai 150, na Machi 2013 serikali ikawapa 105. Najua De Doorns ni zabibu za mezani sio za waini, lakini kima kile kilihusu mashamba yote, ya waini yakiwemo. Na kabla ya hapo kulikuwa na ule mtindo wa dop, kibarua analipwa sehemu ya ujira kwa waini, uliendelea kwenye baadhi ya mashamba hadi miaka ya 90, na Western Cape mpaka leo ni kati ya sehemu zenye watoto wengi zaidi duniani walioathirika na pombe wakiwa tumboni. Sasa ukisusia jina ukaenda kununua ya boksi ya bei chee, umemsaidia nani? Waini nyingi ya Afrika Kusini inauzwa nje kwa matangi, bei ya chini, na shamba linalouza hivyo linabana kwanza kwa kibarua. Chupa ya bei kubwa ina nafasi ya mshahara ndani yake. Nafasi tu, haimlazimishi mwenye shamba kulipa, ndo maana inabidi tuulize.

Nilimweleza mzee yote haya. Akauliza, sasa hivi wanalipwaje? Nikamwambia 2021 kima chao kililinganishwa na cha wafanyakazi wengine, 2022 kikawa rand 23.19 kwa saa, yaani siku ya masaa 9 inafika kama 209, na kimepanda tangu hapo. Akanyamaza, kiganja bado kiko juu ya glasi, akasema bado ni ndogo. Ni ndogo kweli.